Mchango Usio na Daftari

Mtoto amefia hospitalini. Mzazi ameombwa, amekubali, na figo za mtoto huyo, ini lake na moyo wake vimewekwa katika miili ya watu ambao mzazi hatawaona kamwe. Baada ya hapo mzazi huyo anadai nini, na anamdai nani? Wengi nikiwauliza hunijibu haraka: hadai kitu. Ametoa sadaka, na sadaka haidaiwi. Jibu hilo lina heshima yake. Lakini nimeliwaza kwa miezi kadhaa, na ninaona kwamba linamwacha peke yake mtu ambaye hakupaswa kuachwa.

Ninalitazama swali hili kutoka Mungaa, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, nilikozaliwa na kukulia. Ni nchi kavu ya alizeti, uwele na mtama, na ya kuku wa kienyeji wanaosafirishwa hadi Dar es Salaam. Sasa nasoma shahada ya uzamili katika ushauri nasaha, na muhula uliopita tulipewa mada ya kuwasaidia wazazi waliofiwa ambao watoto wao walichangia viungo. Karibu kila tulichosoma kilitoka mbali: Marekani, Uingereza, na Hispania, ambayo tangu 1989 ina taasisi ya taifa ya kusimamia uchangiaji wa viungo na kwa miaka mingi imeongoza duniani kwa viungo vinavyotolewa na waliokufa. Nilisoma huku nikijiuliza maneno yale yangesikikaje kwetu, watu wakiwa wamekaa mkekani.

Tuanze na tulipo. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, ikishirikiana na madaktari kutoka India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, safari hii pamoja na Wajapani. Hospitali hiyohiyo ya Dodoma baadaye ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, uloto unaotoka kwa kaka au dada wa mgonjwa. Katika hatua hizo zote mtoaji alikuwa ndugu aliye hai. Anaonekana. Anaweza kushukuriwa, kupikiwa, kuulizwa kila asubuhi kovu linaendeleaje. Kama baadaye watagombana yeye na aliyempa, watagombana kama ndugu.

Kutoa kwa aliyekufa ni jambo jingine, na bado halijazoeleka katika wodi zetu. Lakini linakaribia. Uganda ilipata sheria yake ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine wanaongezeka, na si kila mmoja ana ndugu ambaye figo yake inamfaa. Siku moja kijana wa Mungaa atapata ajali ya bodaboda kwenye barabara ya Singida kwenda Dodoma, atafikishwa hospitali kubwa akiwa hajitambui, na baba yake ataitwa kwenye chumba kidogo chenye viti viwili. Ningependa tuwe tumeshafikiri kabla ya siku hiyo.

Fikiria anachokiona baba huyo. Ili moyo na ini viweze kumfaa mtu mwingine, mara nyingi mtoaji huwa amekufa ubongo huku mashine ikiendelea kumpumulisha. Kipimo hiki cha kifo si cha zamani. Kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ndiyo iliyokipendekeza mwaka 1968, na wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walikikubali katika mkutano wao wa Amman mwaka 1986. Kwa daktari jambo limekwisha. Lakini Kiswahili chetu kinasema marehemu amekata roho, na roho tumezoea kuijua kwa pumzi. Hapa pumzi haijakatika. Kifua kinapanda na kushuka, mkono una joto. Baba anaambiwa kwamba huyu amekufa, na kabla neno hilo halijatulia masikioni mwake, anaulizwa kuhusu viungo.

Na neno lenyewe, viungo, kwetu si neno jepesi. Kwa takriban miaka ishirini Watanzania wamelisikia kwenye taarifa za habari likiwa limeambatana na mauaji ya watu wenye ualbino, waliokatwa mikono na miguu kwa sababu ya ushirikina na fedha. Daktari anaposema "viungo" ana picha ya mgonjwa anayesubiri. Baba anaweza kuwa na picha ya panga. Asipoelezwa taratibu, kwa lugha anayoielewa, na mtu asiye na haraka, jibu lake, liwe ndiyo au hapana, litakuwa limetoka kwenye hofu. Na jibu la hofu ndilo humrudia mtu usiku, miaka mingi baadaye.

Afrika ina baba ambaye dunia nzima inamdai katika jambo hili, na wachache wanalijua jina lake. Tarehe 2 Desemba 1967, mjini Cape Town, gari liliwagonga Denise Darvall, msichana wa miaka 25, na mama yake. Mama alifariki palepale. Denise alifikishwa hospitali ya Groote Schuur, ubongo ukiwa umeharibika kabisa. Madaktari wawili walimwendea baba yake, Edward Darvall, aliyekuwa amepoteza mke saa chache kabla, wakamwomba moyo wa binti yake. Inasimuliwa kwamba alifikiri kwa dakika nne. Alikubali. Alfajiri ya tarehe 3 Christiaan Barnard akaupandikiza moyo huo kwa Louis Washkansky, na huo ukawa upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu kwa binadamu duniani. Figo moja alipewa mvulana wa miaka 10 ambaye sheria za ubaguzi zilimhesabu kuwa "chotara", na katika Afrika Kusini ya wakati ule hilo nalo lilizua maneno. Barnard akawa mashuhuri dunia nzima. Washkansky aliishi siku 18, akafariki kwa nimonia.

Huwa nasimama kwenye hizo siku 18. Hapo ndipo faraja inayotolewa mara nyingi zaidi kwa wazazi hawa inapopasuka: "Mwanao hajafa, anaishi ndani ya mtu mwingine." Kama Denise aliishi ndani ya Washkansky, basi tarehe 21 Desemba baba yake alifiwa tena. Msiba uliofungwa kwenye kiungo unakwenda kiungo kinakokwenda. Mwili wa aliyepokea ukikikataa, mzazi atajiuliza kama mtoto wake ndiye aliyekataliwa. Aliyepokea akiwa mlevi au mkatili, mzazi atajiuliza moyo wa mwanawe unafanya nini humo.

Najua kuna wazazi ambao neno hilo limewainua. Mwaka 1994 mtoto wa Kimarekani wa miaka saba, Nicholas Green, alipigwa risasi na majambazi akiwa safarini na wazazi wake kusini mwa Italia. Wazazi wake walitoa viungo vyake, na watu saba wakafaidika. Baada ya hapo watu wengi zaidi nchini Italia walianza kuchangia viungo. Binti mmoja aliyekuwa mahututi alipata ini la Nicholas, akapona, akaolewa, na alipojifungua mtoto wa kiume akamwita Nicholas. Sisi tunaorithisha majina ya marehemu tunaelewa bila kufafanuliwa kwa nini jambo hilo lingemfuta mzazi machozi. Lakini angalia lilitoka wapi. Aliyepokea alilifanya mwenyewe, baada ya muda, na wazazi walikuwa tayari kulipokea. Neno lilelile likitoka mdomoni mwa anayeomba, kabla hajapewa, linageuka chambo. Kumwambia mtu aliyezama katika huzuni kwamba mwanawe ataendelea kuishi endapo atatia saini ni kumwambia pia, bila kulitamka, kwamba akikataa atakuwa amemuua mara ya pili. Hakuna mzazi anayestahili kuwekwa kwenye mizani hiyo.

Zaidi ya hayo, sisi tuna njia nyingine ya mtoto kuendelea kuwapo. Mama wa Neema ni Mama Neema. Neema akifa bado ni Mama Neema, sokoni, kisimani, kanisani, mpaka naye azikwe. Kila anayemsalimu analitaja jina la mtoto. Mtoto anaendelea kuitwa, na hahitaji figo yake ifanye kazi kwa mtu wa Mwanza ili aendelee kuitwa.

Nilipokuwa likizo nyumbani, mwezi wa Juni, nilikaa na mama yangu mkubwa tukipiga alizeti. Yeye alimzika mwanawe wa kwanza miaka mingi iliyopita. Nilimweleza ninachosoma. Alinisikiliza bila kuacha kupiga, na nilipomaliza aliuliza:

"Na huyo aliyepewa, atakuja msibani?"

"Hapana, mama mkubwa. Hatajua ni nani aliyempa. Na nyinyi hamtamjua."

"Daktari aliyeomba, yeye atakuja?"

"Sidhani."

Akapepeta ungo mmoja mzima kabla hajasema tena. "Sijasema ningekataa, mwanangu. Udongo haupungukiwi na figo. Ila mnasema ni mchango. Mchango gani huo, mtu anatoa halafu hayumo hata kwenye daftari?"

Sikuwa na la kumjibu, na sijakutana na kitabu chenye swali hilo kwa namna alivyoliuliza yeye. Sisi wenyewe ndio tuliochagua neno mchango. Tunachangia damu, tunachangia figo, kama tunavyochangia harusi na misiba. Na kila Mtanzania anajua mchango unavyokwenda. Msibani kuna meza au kigoda, kuna mtu mwenye daftari na kalamu, na kila anayetoa rambirambi anaandikwa jina: fulani, elfu mbili, fulani, debe la mahindi. Mgeni anaweza kudhani ni hesabu ya biashara. Kwa kweli daftari linaandika kwamba ulikuwapo. Siku yako ikifika, watu watalifungua na kukumbuka, watakuja na chao, pengine pungufu, pengine zaidi. Hakuna anayelipwa sawasawa na alichotoa, na hakuna anayesahauliwa. Anayetoa anabaki ndani ya mzunguko wa watu.

Mchango wa viungo, kama unavyofanyika katika nchi nyingi, unachukua neno letu na kuacha daftari. Mzazi anatoa kitu kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa katika daftari lolote la Mungaa, kisha mlango unafungwa. Ndiyo maana nasema jibu la "sadaka haidaiwi" halitoshi. Mtoaji kutodai ni uungwana wake. Aliyepewa kujiona hadaiwi ni utovu wa adabu.

Kuna sababu nzuri za kuficha majina, na sitaki kuzipuuza. Mzazi akimjua aliyepokea anaweza kumng'ang'ania kama mwana, na aliyepokea anaweza kubanwa na deni asiloweza kulilipa. Fedha nazo zinaweza kupenya. Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja mjini Eldoret baada ya madai ya biashara ya figo, na huko watoaji walikuwa hai na wenye uwezo wa kusema. Mzazi aliyefiwa ni rahisi zaidi kuchezewa. Reg Green, baba yake Nicholas, ametetea kwa miaka mingi haki ya familia kujuana pale pande zote mbili zinapotaka, na nadhani ana hoja. Ila hata tukikubali kwamba siri ibaki, swali la mama mkubwa halijajibiwa. Kama aliyepokea hawezi kuja, nani atakuja kwa niaba yake?

Jibu langu ni hili: aje aliyeomba. Hospitali, au taasisi ya taifa itakayoundwa, inapoingia katika kile chumba chenye viti viwili na kuomba, inajiingiza katika msiba. Tangu dakika hiyo ina wajibu wa mtu wa msibani. Msaada wa kisaikolojia kwa mzazi huyo usihesabiwe kama huduma ya ziada itakayotolewa bajeti ikiruhusu. Ni upande wa pili wa ombi lenyewe, na asiyeweza kuutimiza hana haki ya kuomba.

Wajibu huo una kipimo kimoja ambacho sitakilegeza: aliyekataa apate faraja ileile anayopata aliyekubali. Atembelewe vilevile, apigiwe simu vilevile, mwili wa mwanawe usafirishwe kwa utaratibu uleule. Faraja inayowafikia waliosema ndiyo peke yao ni malipo, na tumekubaliana kwamba kiungo hakinunuliwi. Tena kwa mtu anayefikiria nauli ya kumleta marehemu kutoka Dodoma hadi Ikungi, gari la bure linaweza kuwa na nguvu kuliko hoja yoyote ya maadili. Gari litolewe kwa wote au lisitolewe kwa yeyote.

Mengine ni ya kawaida, na kwa sehemu kubwa tayari tunayajua. Daktari aliyekuwa akimtibu mtoto asiwe ndiye anayeomba viungo, ili mzazi asilale akijiuliza kama mwanawe aliachwa mapema. Taarifa ya kifo itolewe kwanza, na ombi lije baadaye, baada ya ndugu kukaa na kulia. Mzazi apewe muda wa kukaa na mwili kabla na baada, na aelezwe waziwazi mwili utakavyoonekana wakati wa kuoshwa, kwa kuwa kuna shangazi atakayeuona mshono na kuuliza. Baada ya miezi kadhaa, akitaka mwenyewe, aambiwe kwa ufupi kama kiungo kinafanya kazi. Asipotaka, asiambiwe.

Hapa naomba tusijisifu kupita kiasi. Ni rahisi kusema kwamba Wazungu wana wanasaikolojia na sisi tuna jamii. Jamii yetu ni hodari siku za mwanzo. Majirani wanapika, vijana wanachimba kaburi, mtani anafanya vituko mpaka mfiwa anacheka bila kutaka. Kisha matanga yanaondolewa, mikeka inakunjwa, na mama anabaki na kitanda kitupu. Baba huwa anabaki na hali mbaya zaidi, maana ameambiwa tangu siku ya kwanza ajikaze. Ni wakati huo, baada ya arobaini, ambapo mtu anahitaji kusikilizwa, na ndipo kwa kawaida hakuna aliyebaki.

Tena jamii hiyohiyo inaweza kuumiza. Namwona mzazi huyo wa kesho akinunua bati mwaka mmoja baada ya msiba, na kijiweni mtu akisema kwa sauti ya chini kwamba bati hilo limetokana na figo za mtoto. Uvumi wa namna hiyo unaweza kumuua mtu akiwa hai. Kwa hiyo mtu wa hospitali anayekuja msibani awe na kazi ya hadharani pia: asimame mbele ya watu, kabla au baada ya padri au shehe, aseme kwamba familia hii iliombwa, ikatoa, na haikupokea hata shilingi. Hiyo pekee ingekuwa kinga kubwa kuliko vikao vingi vya ushauri nasaha. Kama familia imetaka jambo lao libaki siri, basi linyamaziwe kwa uaminifu uleule.

Mtu ataniambia nchi haina wataalamu wa kutosha. Ni kweli. Lakini hospitali zetu zina maofisa ustawi wa jamii, na vijijini kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, makatekista na walimu wa madrasa. Mungaa yenyewe ina hospitali, Makiungu, iliyoanzishwa na masista wamisionari miaka ya 1950, na watu wa huko wanajua maana ya kumfuata mgonjwa nyumbani. Kinachotakiwa ni mtu mmoja aliyefundishwa, mwenye nauli na orodha, anayejua kwamba jina hili anapaswa kulitembelea wiki ya pili, siku ya arobaini na mwaka ukitimia. Orodha hiyo ndiyo daftari letu. Jina la mtoto liandikwe humo, na la mzazi, na karibu yake jina la yule aliyeingia chumbani kuomba.

Kama hatuwezi kuliandika, tusubiri. Wagonjwa wanaosubiri figo wanaumia, na sisemi hivyo kwa wepesi. Nimekaa na mmoja wao. Lakini uhai unaookolewa kwa kumtumia mzazi na kumtelekeza unaacha jeraha mahali ambapo hakuna anayehesabu, na nchi isiyohesabu majeraha ya aina hiyo haichelewi kukosa wa kuiamini. Siku wabunge watakapokaa kuandika masharti ya kuchukua viungo vya waliokufa, watajadili mashine, saini na vifungu vya adhabu. Naomba waandike pia, kwa jina la cheo na kwa tarehe, ni nani atakayepanda basi kwenda Mungaa siku ya arobaini.